Rada ya P-18: namna ya kuitoa kwenye valvu (mirija ya elektroniki ya zamani) na kuiingiza kwenye dijitali

P-18 ni rada ya Kisovyeti ya kugundua ndege mapema, iliyoingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hutumia masafa ya megahezi 150 hadi 170, yaani wimbi la karibu mita 2, na wimbi hilo refu ndiyo sababu ya kutoitupa. Umbo la ndege iliyoundwa kuzikwepa rada za sentimita halifui dafu sana mbele ya wimbi linalokaribia ukubwa wa mkia wake. Tarehe 27 Machi 1999, kikosi cha Yugoslavia cha makombora ya kutungulia ndege ya S-125, chini ya Zoltán Dani, kiliitungua F-117, ndege ya Marekani iliyoundwa kukwepa rada, karibu na Belgrade, na P-18 ndiyo iliyoiona kwanza. Kwa hiyo antena, mlingoti na lori la Ural vibaki. Vitoke transmita, risiva na skrini.

Anza na antena kabla ya kununua kitu chochote. Ina antena ndogo 16 za aina ya Yagi (zenye vijiti sambamba, kama za televisheni za paani), safu mbili za nane nane. Fungua kila moja, ipime peke yake kwa VNA, kifaa kinachopima antena inavyopokea na kurudisha mawimbi, kutoka megahezi 150 hadi 170. Ikiwa VSWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, inavuka 2, mara nyingi tatizo liko kwenye kihami kilichopasuka au kiungio kilichoingia maji na kuota kutu ya kijani. Ukibadilisha kebo, kata zote kwa urefu mmoja usiopishana zaidi ya sentimita 1. Ndani ya kebo ya kawaida yenye plastiki nzima, sentimita 1 ni kama digrii 3 za fezi, yaani nafasi ya wimbi ndani ya mzunguko wake. Tofauti ya sentimita 10 inatosha kuupotosha mwali, na hakuna programu itakayokurudishia ulichopoteza. Pete za umeme na kiungo kinachozunguka visafishwe, kisha vipimwe antena ikiwa inazunguka. Ikisimama, kila kitu huonekana kizima.

Sasa transmita. Ile ya zamani ni valvu inayojianzishia mtetemo wenyewe, kila mpigo ukizaliwa na fezi yake. Hapo ndipo ugonjwa wa kushindwa kuifuta miangwi ya milima unapotokea. Weka transista za nguvu za LDMOS zinazoendeshwa na saa moja thabiti, ambayo pia ndiyo inayoiendesha risiva.

Wengi huogopa wakisikia kilowati 260 za kilele za transmita ya zamani zinabadilishwa kwa kilowati 10. Piga hesabu: kilowati 260 kwa mpigo wa mikrosekunde 6, mara 310 kwa sekunde, ni wastani wa wati 484 tu. Kilowati 10 kwa mpigo wa mikrosekunde 200, mara 400 kwa sekunde, ni wati 800. Kinachoileta ndege kwenye skrini ni wastani huo, wala si kilele. Tumia moduli 12 za takriban kilowati 1 kila moja. Moja ikifa, nguvu hushuka hadi asilimia 84, si 92, kwa kuwa kiunganishi kinachojumlisha nguvu za moduli nacho hula sehemu yake. Hata hivyo umbali wa kuona hupungua kwa asilimia 4 hivi, na zamu inaendelea.

Mpigo mrefu una gharama yake. Risiva hufungwa wakati wa kurusha, na mikrosekunde 200 ni kilomita 30 za upofu kuizunguka rada. Dawa yake ni mpigo wa pili, mfupi. Mzunguko mzima ni mikrosekunde 2,500: mpigo mrefu na kusikiliza hadi kilomita 250 hula 1,867, kisha kwenye 1,900 rusha mpigo wa mikrosekunde 6 na usikilize 210 nyingine. Upe huo mfupi masafa tofauti, la sivyo mwangwi wa mbali wa mpigo mrefu utaonekana kama ndege iliyo karibu. Mpigo mrefu ufagie megahezi 1 ya masafa ili programu ikiubana kuwa mfupi, utenganishe shabaha kwa mita 150. Usiache kuulainisha kingo: bila hivyo, ndege kubwa huzaa miangwi bandia yenye upungufu wa desibeli 13 tu, na ndege ndogo iliyo jirani nayo humezwa.

Kwenye risiva, chukua sampuli moja kwa moja kwa megahezi 125, biti 14 au zaidi. Masafa yanayozidi nusu ya kasi hiyo hukunjwa na kuonekana chini, hivyo bendi ya 150 hadi 170 itakuwa 25 hadi 45. Hapa ndipo miradi mingi inapoumia: megahezi 80 hadi 100 hukunjwa mahali hapo hapo, na humo mna redio za FM. 205 hadi 225 vilevile, penye televisheni. Filta ya mbele iyakate masafa hayo kwa desibeli 70 au zaidi. Ukiona mistari kwenye skrini kila antena inapoelekea mjini, shuku filta kabla ya kushuku programu.

Uchujaji wa Doppler, unaotenganisha kinachosogea na kilichosimama, una raha yake kwa wimbi refu. Kwa mipigo 400 kwa sekunde, kasi ya kwanza isiyoonekana (ndege hufanana na kitu kilichosimama) ni mita 375 kwa sekunde, juu ya kasi ya ndege za abiria. Rada ya sentimita 10 ingepofuka kwenye mita 20.

Kwa mwambao kama wa Mombasa au Dar es Salaam, kuna jambo lisilo na mjadala. Redio za meli ziko kati ya megahezi 156 na 162 na ushei, 156.8 ni ya kuomba msaada, 161.975 na 162.025 ni za AIS, mfumo wa meli kutangaza zilipo. Masafa hayo yafungiwe ndani ya programu ya kuruka masafa, opereta asiweze kuyafungua. Kuziba wito wa nahodha anayezama ni kosa lisilosameheka.

Kuelekeza kaskazini, dira haitoshi. Weka kipokezi cha ADS-B, mfumo wa ndege kutangaza zilipo, linganisha nyayo mia kadhaa za ndege za abiria pande zote, kisha rekebisha tofauti ya wastani. Tofauti ikipanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko, huenda antena haijasawazishwa. Rudi kwenye jeki za lori. Data itoke kwa ASTERIX, muundo wa kawaida wa data za rada, kategoria 048 na 034, na muda wa UTC. Saa iwe na saa ya atomi ya rubidi ya akiba, maana GPS huzibwa.

Usiahidi rada hii kuongoza kombora. Mwali wa digrii 6 una upana wa kilomita 21 ukiwa umbali wa kilomita 200, na kimo haukipimi; kwa kimo, iunganishe na rada nyingine ya kupima kimo kama PRV-13.