Kusawazisha Upinde wa Kompaundi na Kilengeo Chake Nyumbani

Mlenga shabaha anayetumia upinde wa kompaundi, yaani ule wenye magurudumu kwenye ncha za mikono yake, ambaye mishale yake hukusanyika vizuri katika mita 20, kisha ikahamia upande mmoja kila anaporudi hadi mita 50, aghalabu hulaumu mkono wake au upepo. Kabla ya kubadilisha namna anavyoshika upinde, yafaa achunguze kwanza kilengeo, yaani kile kifaa chenye lenzi, nukta ya kulengea na kiputo kidogo cha pima maji, ambacho hufungwa mbele ya kiunzi cha upinde. Kiputo kikiwa kimefungwa mshazari kwa nyuzi 2 tu, mpigaji mwangalifu atakayekiweka katikati kila mara atakuwa anauinamisha upinde kwa nyuzi hizo hizo 2, na jinsi anavyozidi kuwa mwangalifu ndivyo kosa linavyozidi kujirudia.

Hesabu yake ni rahisi. Mshale unaoruka kwa takriban mita 85 kwa sekunde hufika mita 50 kwa muda wa sekunde 0.6 hivi, na katika muda huo mvuto wa ardhi huushusha karibu mita 1.75 chini ya mstari ulioanzia. Upinde ukiinama nyuzi 2 kulia, mshale huangukia kulia kwa takriban sentimita 6. Katika mita 20 mshuko ni kama sentimita 27, kwa hiyo mkengeuko haufiki sentimita 1 na hakuna anayeutambua. Kwenye shabaha ya sentimita 80 inayotumika kwa upinde wa kompaundi katika mita 50, duara la alama 10 lina kipenyo cha sentimita 8, na hivyo sentimita 6 zinatosha kumtoa mpigaji kwenye 10 hata kama alilenga kitovu.

Vifaa vinavyohitajika vinapatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru au Kisumu: pima maji fupi ya fundi, timazi (uzi wenye kizito kinachoufanya uning'inie wima), na spana za Allen zenye umbo la herufi L. Jiliwa ya seremala, yaani kibano chake cha mezani, itatumika kuushikilia upinde, na meno yake yafunikwe kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli ili yasikwaruze. Shika upinde kwenye kiunzi cha katikati pekee, kamwe usiubane kwenye mikono inayopinda wala kwenye magurudumu, na usiuvute ugwe (kamba ya upinde) na kuuachia bila mshale, kwa maana nguvu yote itarudi kwenye upinde wenyewe na inaweza kuuvunja.

Pima maji nayo ipimwe kabla ya kuaminiwa. Iweke juu ya meza, soma mahali kiputo kilipo, kisha igeuze kichwa kiwe mkia bila kuhama mahali pake. Kiputo kikisoma vilevile, hata kama meza yenyewe imeinama, pima maji hiyo ni ya kweli. Kikihamia upande mwingine, irudishe rafuni uchukue nyingine. Timazi haihitaji jaribio hilo, na ndiyo sababu mimi huipa neno la mwisho vifaa viwili vinapopingana. Sakafu ya nyumba isitumiwe kama kipimo, kwa kuwa sakafu nyingine za saruji humwagwa kwa mteremko wa makusudi ili maji yatoke.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kuchagua cha kulinganisha nacho. Wapo wanaosawazisha kilengeo kwa kukilinganisha na kiunzi cha upinde, lakini kinachousukuma mshale ni ugwe, na kwa maoni yangu ugwe ndio unaostahili kuwa kipimo. Ning'iniza timazi mbele ya upinde uliobanwa, simama nyuma, fumba jicho moja, na urekebishe jiliwa mpaka ugwe na uzi wa timazi vifunikane kuanzia juu hadi chini. Fanya hivyo pia ukitazama kutoka ubavuni. Hatua hii isiharakishwe, kwa sababu kila kipimo kinachofuata kinaitegemea.

Kilengeo kina mihimili mitatu, yaani njia tatu ambazo kinaweza kuinama au kugeuka. Ugwe ukishasimama wima, shughulikia mhimili wa kwanza. Weka pima maji kwenye ule mwamba wa kilengeo ambao lenzi hupanda na kushuka juu yake, na uthibitishe kwamba nao umesimama wima ukitazamwa kutoka nyuma. Kama haukusimama, legeza skrubu zake robo mzunguko, ugeuze kidogo, kisha kaza. Mwamba ulioinama huipeleka nukta kando kadiri unavyoishusha kwa ajili ya umbali mrefu. Mhimili wa pili ni mwepesi zaidi: huku mwamba ukiwa wima, tazama kiputo cha kilengeo chenyewe, na kama hakiko katikati, geuza kichwa cha lenzi mpaka kifike hapo.

Mhimili wa tatu ndio unaopuuzwa na wanaofanya mazoezi kwenye uwanja tambarare, ilhali mtu anayelenga kwenye miteremko ya Menengai au vilima vya Nandi hawezi kuukwepa. Hapa kichwa cha lenzi huzunguka kama mlango kwenye bawaba, upande mmoja ukija karibu na mpigaji na mwingine ukienda mbele. Ukilenga mbele moja kwa moja hutaona dosari yoyote, lakini ukielekeza upinde chini, kiputo hukimbia. Uinamishe upinde kwenye jiliwa kana kwamba unalenga bondeni, takriban nyuzi 30, na uhakikishe kwamba ukitazama kutoka nyuma, ugwe bado unafunikana na timazi. Upande ambao kiputo kimekimbilia ndio uliokukaribia kupita kiasi. Usogeze mbele kidogo kidogo mpaka kiputo kirudi katikati. Kisha uelekeze upinde juu na uangalie kama kimetulia. Ukimaliza, rudia mhimili wa pili, kwa kuwa kukaza skrubu za huku huvuta za kule.

Upinde uliobanwa kwenye jiliwa, hata hivyo, si upinde ulio mkononi. Ukivutwa hadi mwisho, kiganja huweza kuuzungusha, na mhimili wa tatu ukabadilika. Kwa hiyo ning'iniza timazi mbele ya gunia au ubao mzito wa shabaha, simama mita chache kutoka hapo, weka mshale, vuta, linganisha ukingo wa kiunzi na uzi, kisha tupa jicho kwenye kiputo. Zoezi hili lifanywe mahali penye kizuizi madhubuti nyuma ya shabaha na pasipopita watu, kamwe si sebuleni. Na kwa kuwa uwindaji umepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1977, upinde huu utumike kwa shabaha tu.

Uthibitisho wa mwisho ni mishale. Bandika utepe ulio wima kwa timazi juu ya shabaha, ulenge katika mita 20, 30 na 50 ukibadilisha kilengeo kwa kila umbali. Asubuhi ndiyo saa nzuri, hasa Kisumu, ambako upepo wa ziwa huanza kuvuma mchana. Mishale ikizidi kuuacha utepe kadiri unavyorudi nyuma, rudi kwenye mhimili wa kwanza. Halafu rudia bila kugusa kilengeo kabisa, ukilenga sehemu ile ile ya juu ya utepe kutoka umbali mfupi unaoongezeka, na kuiacha mishale ishuke yenyewe. Ikishuka kwa mshazari katika jaribio hili la pili, kilengeo hakina hatia. Egemeo la mshale, yaani kile kishikizo ambacho mshale hulala juu yake, ndilo lililokaa kando, na lisogezwe kwa unywele tu kabla ya kujaribu tena.

Kila skrubu iliyokubalika ichorwe mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaovuka kichwa chake hadi kwenye chuma kilicho kando. Upinde ukishasafirishwa kwa matatu kwenye barabara mbovu, mstari uliokatika utakuonyesha mara moja skrubu iliyolegea, nawe utarekebisha mhimili huo pekee.