Kutambua marehemu kwa meno na kompyuta: kwa wenzangu madaktari wa meno wa Goma

Haya nilimwelekeza daktari kijana hapa mjini, nikaona niwaandikie na wengine. Kwenye maafa kama kuzama kwa boti karibu na bandari ya Kituku, tarehe 3 Oktoba 2024, familia nyingi huja na simu tu. Faili la daktari wa meno hawana.

1. Jaza chati ya meno ya marehemu kwa namba za FDI (mfumo wa kimataifa wa kuhesabu meno), 11 hadi 48. Programu nyingi za Marekani huhesabu 1 hadi 32: kwao 11 ni chonge la juu kushoto, kwetu ni jino la mbele la juu kulia. Angalia hilo kabla ya kuingiza chochote.

2. Jino lisipoonekana, kagua shimo lake. Likiwa wazi na kingo kali, jino lilidondoka baada ya kifo, kwa hiyo andika "hakuna taarifa". Likiwa limejaa mfupa, liling'oka mtu akiwa hai. Hapo ndipo unaandika "halipo".

3. Picha za simu. Hapa msiharakishe hata kidogo. Ombeni picha zote ambazo mtu anayetafutwa alicheka, moja kwa moja kutoka kwenye simu, kwa sababu zilizopita WhatsApp hupunguzwa ubora. Tatizo kubwa ni selfi. Baadhi ya simu huihifadhi imegeuzwa kama kwenye kioo, na pengo la kulia linahamia kushoto. Tafuta maandishi kwenye fulana au ukutani nyuma yake: yakisomeka kinyume, geuza nakala, faili la asili usiliguse. Hakuna maandishi? Shati la kiume huwa na vifungo upande wa kulia wa mvaaji, lakini mtumba unaweza kuwa blauzi, basi tafuta pia picha aliyopigwa na mtu mwingine. Programu za simu za kurembesha sizitaki kabisa, zinasawazisha na kung'arisha meno. Tumia GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, ni ya bure. Piga picha meno ya marehemu kwa pembe ileile ya picha ya simu, yaweke tabaka la juu, yafifishe, kisha kuza pande zote kwa kipimo kimoja.

4. Linganisha chati ya marehemu na picha au rekodi za wanaotafutwa. Kompyuta inapanga tu majina ya wanaoweza kuwa yeye, kuamua ni kwako. Jino lililokuwepo na sasa halipo linaelezeka. Jino la ukubwani lililong'olewa zamani likionekana lipo kwa marehemu, na rekodi ni sahihi, huyo si yeye.

5. Daktari wa pili akague bila kuambiwa jina. Shaka ikibaki, ombeni DNA kabla ya kumkabidhi mama yeyote mwili.