Kutoka kumbi hadi kamba: namna ya kufukia makumbi na kusokota usumba

Maji yakipwa Jambiani, Paje au Bwejuu, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, utaona vichungu vya mawe vimetapakaa mchangani. Si mawe ya ovyo. Kila kichungu kina mwenyewe, na chini yake mna makumbi ya nazi, yale maganda yake manene yenye nyuzi, yanayooza taratibu ili yatoe usumba, yaani zile nyuzi za kusokotea kamba. Ni kazi ya wanawake zaidi, na vifaa vyake ni jembe, rungu na viganja viwili. Wengi hudhani ufundi wote uko kwenye kusokota. Kwa kweli kamba nzuri au mbovu huamuliwa shimoni, miezi kadhaa kabla.

Anza na kumbi lenyewe. La dafu huoza upesi lakini nyuzi zake ni dhaifu. La nazi iliyokauka kabisa mtini lina nyuzi nene na ngumu, zinazofaa brashi na vizulia vya mlangoni. Ukizisokota zitakuchuna viganja. La kamba ni la katikati: koroma iliyokwisha kugeuka rangi, au nazi iliyokomaa ikaangushwa kabla kumbi halijakauka. Lifukie ndani ya siku chache baada ya nazi kufuliwa, yaani kutolewa kumbi. Makumbi yaliyokaa juani wiki nzima hugandamana na unga wake, ule ulio baina ya nyuzi, na hata ukiyafukia yatataka muda mrefu zaidi.

Sasa shimo. Tafuta mahali penye mchanga uliochanganyika na tope, panapofunuka maji yakipwa lakini pasipokauka. Jaribu kwa mkono: chimba shibiri moja, na maji yajichuje yenyewe ndani. Ukichimba juu mno, karibu na ufuo, siku za maji mafu, yaani maji yasipojaa wala kupwa sana, bahari haitafika hapo, makumbi yatakauka na uozo utasimama. Ukichimba mbali mno, utapafikia siku za bamvua tu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Na mchanga mweupe mtupu hauna maana hata ukionekana laini kuchimba, kwa sababu mawimbi huuhamisha, na siku moja utakuta makumbi yako yanaelea.

Chimba wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo Unguja maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi. Una kama saa mbili au tatu za kazi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 siku hizo, na bahari ikianza kurudi haingoji mtu amalize. Kwa anayeanza, makumbi 100 yanatosha. Kina kiwe cha goti. Yapange kwa kuyalaza, moja ndani ya jingine kama bakuli, kisha yakanyage mpaka yasicheze. Funika kwa tope shibiri moja, tandaza kipande cha wavu mkuukuu, halafu weka mawe. Usione uvivu kwenye mawe: kumbi bichi huelea, na shimo lisilo na uzito juu yake hujifukua lenyewe. Tumia mawe yaliyokwisha kufa, usivunje matumbawe hai. Chomeka kigingi cha alama.

Kabla ya kuchimba, waulize majirani. Tangu ukulima wa mwani wa biashara ulipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, pwani hiyo hiyo inagawanywa na mashamba ya mwani, na tope unalolifukua hupelekwa na maji hadi kwenye kamba za mwani za mwenzio.

Muda? Makumbi mabichi miezi 3 mpaka 6. Makavu huweza kupita hapo. Kinachofanya kazi huko chini ni vijidudu vinavyokula gundi inayoshikanisha nyuzi na unga wake. Vinafanya hivyo pasipo hewa, ndiyo sababu tope hugeuka jeusi na shimo hunuka kama yai viza. Harufu hiyo ni dalili njema. Shimo lisilonuka lolote baada ya miezi miwili lina kasoro: ama mchanga wake ni mwepesi na hewa inapita, ama pamekauka.

Usihesabu miezi peke yake. Toa kumbi moja la katikati, si la juu, ulibane kwa kidole gumba. Likiwa tayari, ganda la nje huchunika kwa mkono kama ganda la ndizi, na ukivuta uzi unatoka mtupu, bila unga. Unga ukiwa bado umeng'ang'ania, rudisha, ungojee bamvua mbili tatu nyingine. Anayefukua mapema huilipa haraka yake kwenye rungu: atapiga mno, nyuzi zitakatika fupi, na unga utakaobaki utakunywa maji ndani ya kamba na kuiozesha. Aliyechelewa naye ana hasara yake, kwa kuwa nyuzi huwa nyeusi na hukatika zikivutwa.

Kupiga kunafanywa pale pale, penye kidimbwi cha maji. Chuna kwanza ganda la nje. Weka kumbi juu ya gogo, na si juu ya jiwe, maana ukali wa jiwe hukata nyuzi. Piga kwa rungu la mti mzito kuanzia katikati ukielekea ncha moja, geuza, piga ncha ya pili, suuza, rudia mpaka maji yasiwe ya kahawia. Vaa nguo ambayo huna huruma nayo. Harufu ya mikononi hupunguzwa na ndimu. Ya nguo ina ukaidi wake.

Usumba wa kamba za baharini unaweza kuanikwa hivyo hivyo. Wa kitanda usuuze tena kwa maji baridi ya kisima, kwa sababu chumvi huvuta unyevu hewani na kamba itakuwa na majimaji kila masika. Anika siku moja au mbili, ukigeuza, kisha uchambue kwa vidole na kuukung'uta. Unga uliodondoka usitupwe: ukioshwa chumvi, unashika maji vizuri kwenye miche.

Kusokota ni kazi ya kivulini. Lowesha usumba kidogo tu. Chukua mafungu mawili ya unene wa penseli, yaweke kwenye kiganja, uyasokote yote mawili upande mmoja kwa kiganja cha pili, halafu uyaache yajizungushe pamoja upande wa kinyume. Kinyume hicho ndicho kinachofunga kamba, kwani kila uzi unataka kujifungua na mwenzake unauzuia. Ukisokota na kuzungusha upande mmoja, kamba yote inafunguka ukiiachia.

Kosa la kila mwanafunzi ni maungo. Anangoja fungu liishe ndipo aongeze jipya, na kamba inakatika hapo hapo. Ongeza usumba mpya fungu la zamani likiwa bado na urefu wa shibiri, na usiunge mafungu yote mawili mahali pamoja. Kamba nene husokotwa kwa nyuzi tatu; kumbuka hupungua urefu kwa robo au zaidi, kwa hiyo ukitaka pima 10 usiandae nyuzi za pima 10.

Ikishakwisha, ifunge baina ya minazi miwili, iloweshe, ining'inizie jiwe katikati usiku mmoja. Hiyo hunyoosha mizunguko. Ili kuunguza manyoya yanayobaki, ipitishe juu ya moto wa makuti, upesi upesi.

Usumba haudhuriki haraka na maji ya chumvi, na ndiyo maana mitepe, vyombo vya matanga vya zamani, ilishonwa kwa kamba hizi badala ya kupigwa misumari. Nailoni ina nguvu zaidi kwa unene ule ule, hilo halina ubishi. Lakini juu ya paa la makuti jua huimaliza, na fundo lake huteleza. La usumba hung'ata mti.