Kupima Kazi ya Pampu ya Kalsiamu kwenye Utando wa Seli Nyekundu za Damu

Katika plazima, ioni huru za kalsiamu hufikia takribani milimoli 1.2 kwa lita, ilhali ndani ya seli nyekundu hazifiki hata mikromoli 0.1. Kwa kuwa seli hii haina mitokondria, mzigo wa kuzirudisha nje ioni zinazopenya huiangukia pampu ya utando, ambayo mtafiti Schatzmann aliieleza mwaka 1966. Pampu hushika kalsiamu kwa upande wa ndani, hupokea fosfati kutoka kwa ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), hubadilika umbo, huachia ioni nje, kisha huitoa ile fosfati. Fosfati hiyo ndiyo tutakayoipima, kwa maana hupimika kwa vifaa vya kawaida vya maabara ya kufundishia kama zetu za hapa Mbeya.

Hatua ya kwanza ni kuosha seli. Zungusha damu yenye heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) kwenye sentrifuji, ondoa plazima pamoja na tabaka la seli nyeupe, na usione uchungu kupoteza seli nyekundu chache za juu. Osha mara tatu kwa maji ya chumvi baridi ya milimoli 150.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo huamua ubora wa kazi yote, ni kupasua seli. Mimina ujazo mmoja wa seli katika ujazo 20 wa bafa (myeyusho unaotuliza kiwango cha asidi) baridi ya Trisi ya milimoli 10 yenye EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu, ya milimoli 1, kisha zungusha kwa nguvu ya 20,000 g kwa dakika 20. Vitabu vingi huelekeza bafa ya fosfati. Hapa haifai, kwa kuwa itachanganyika na kile unachokitafuta. Unapoinamisha chupa utaona maganda laini, yaani utando mtupu wa seli zilizopasuka, yakiteleza, huku kidonge kidogo kigumu kikibaki kimeganda chini: kinyonye ukitupe, kwani kina vimeng'enya vya seli nyeupe vinavyokata protini. Rudia hadi maganda yawe meupe kama maji ya mchele, na miosho ya mwisho ifanywe bila EDTA, ili isije ikanasa kalsiamu utakayoongeza.

Gandisha maganda na kuyayeyusha, ili ATP iweze kufika upande wa ndani wa utando.

Hatua ya tatu, andaa mirija mitatu yenye maganda, magnesi, ATP na ouabaini, ambayo huzima pampu ya sodiamu. Wa kwanza utie EGTA, ambayo hunasa kalsiamu ili pampu isifanye kazi, wa pili kalsiamu, wa tatu kalsiamu na kalmodulini, protini inayoichochea pampu. Iweke kwenye maji ya nyuzi joto 37 kwa dakika 30. Katika baridi ya Juni na Julai hapa kwetu, amini kipimajoto kilichotumbukizwa majini, si namba iliyoandikwa kwenye kitufe.

Simamisha mmenyuko kwa asidi baridi ya trikloroasetiki, ongeza molibdati, ambayo huungana na fosfati, na kemikali ya kuipa elektroni (reducing agent), kisha soma rangi ya buluu ukilinganisha na myeyusho wa fosfati wa kiwango kinachojulikana. Vyombo visuuzwe kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, kwani sabuni nyingi zina fosfati.

Toa kipimo cha mrija wa kwanza kutoka cha pili; kinachobaki ni kazi ya pampu. Mrija wa tatu usipozidi wa pili, yaelekea kalmodulini ya asili haikuondoka utandoni, na inakupasa urudi kwenye miosho ya EDTA.