Kalamu za nibu za bei mbaya: kuzikusanya, kuzirekebisha na kuzipanga bila kuziua

Mtu akinunua kalamu ya nibu (ile ya wino inayoandika kwa ncha ya metali) ya hela nyingi halafu akakuta inakwaruza, kitu cha kwanza ninachomwambia ni aweke msasa chini. Mara nyingi kalamu haiumwi kitu, ni chafu tu, na nilizowahi kuona zimeharibika, nyingi zimeuliwa na wenyewe kwa haraka zao wala sio uzee. Nasema hivi maana na mimi nimeua moja, tutafika huko.

Tuanze na kununua. Kama ndo unaingia kwenye hii kitu usikimbilie matoleo maalum yale ya kuhesabika, anza na kalamu zilizotengenezwa kwa wingi, vipuri vinapatikana na magonjwa yake yanajulikana. Mi naanzaga na Parker 51, ilitoka 1941, mwili wake ni akriliki ngumu haswa, na zile za kuanzia 1948 ambazo unabonyeza kifuko cha wino kilichofunikwa na kibomba cha chuma, nyingi mpaka leo zinavuta wino na kifuko kilekile cha kiwandani. Shida yake nibu imefichwa ndani ya ganda, kwa hiyo kwa kujifunzia ufundi haifai, chukua Pelikan za Souverän, nibu yake unaifungua kwa kuzungusha inatoka nzima na ulimi wake (ulimi namaanisha kile kipande cheusi chini ya nibu kinacholeta wino). Lamy 2000 nayo ipo tangu 1966 na bado inatengenezwa.

Ukifika kwenye Montblanc kuwa macho, Meisterstück 149 inaigwa kuliko maelezo. Watu wanaangalia ile namba 4810 kwenye nibu, ambayo ni urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita, wanasema aah hii orijino, kumbe hata waigaji wanajua kuchora tarakimu nne. We angalia inavyovuta wino. 149 ni ya pistoni, unazungusha kitako inavuta kutoka kwenye chupa, basi. Ukifungua mwili ukakuta pa kuchomeka katriji (kichupa cha wino cha kubadilisha) au konveta (kibomba cha kuvutia wino kinachotoka), rudisha hiyo kalamu kwa mwenyewe na usibishane.

Nyenzo utakayoitumia kuliko zote ni kioo cha kukuzia cha mara 10, kile cha masonara na mafundi saa. Peleka kwenye ncha kabisa ya nibu. Nibu yenyewe ni dhahabu, imegongwa 585 kama ni karati 14 au 750 kama ni karati 18, lakini dhahabu ni laini sana kugusa karatasi, ndo maana mbele pamechomelewa kitone cha metali ngumu, watu bado wanakiita iridiamu ingawa siku hizi kawaida ni aloi ya metali nyingine. Hicho kitone ndo kalamu. Kikiwa kimelika upande mmoja kama soli ya kiatu maana yake mwenye kalamu aliandika miaka kwa pembe yake, mkono wako ukikosana na pembe hiyo itakukwaruza mpaka uchoke, na kikiwa kimeisha kabisa hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea kingine, sio rahisi wala haraka. Baada ya hapo zungusha mdomo wa kifuniko taratibu kwenye mwanga, ufa unaonekana kama unywele. Jina la mtu lililochorwa mwilini linashusha bei, mi binafsi nayapenda hayo majina, nanunua nafuu na napata wa kumuwaza nikiandika.

Sasa marekebisho. Osha kwanza. Maji ya kawaida, sio ya moto, vuta sukuma vuta sukuma mpaka yatoke meupe, halafu gusisha nibu kwenye tishu uone, ikitoa rangi bado kuna wino ulioganda kwenye ulimi. Loweka upande wa nibu na ulimi tu usiku mzima, asubuhi rudia. Kama kalamu ni ya ebonaiti (mpira mgumu) au kaseini (plastiki ya maziwa) usiloweke kabisa mwili wake, ebonaiti nyeusi maji na mwanga vinaigeuza rangi ya kahawia yenye ukijani, na kaseini inakunywa maji inavimba. Na ule wino mweusi wa kuchorea wenye shelaki (utomvu unaoganda kama vanishi) usiuweke humo hata siku moja, ukikauka ndani ndo basi tena.

Ikiwa safi na bado inasumbua rudi kwenye kioo, itazame nibu uso kwa uso, ncha ikikuangalia. Utaona meno mawili na mpasuko katikati. Yawe usawa mmoja. Likipanda moja hata kidogo tu utasikia linakwaruza ukivuta mstari upande huu na linateleza ukivuta upande ule, na hapa ndo watu wanakimbilia msasa wakati tatizo ni usawa tu. Lile lililo chini lisukume juu kwa ukucha wa dole gumba, taratibu, shikilia sekunde kadhaa, achia, angalia, andika. Rudia. Inaweza kuchukua mara kumi, sawa tu, dhahabu inarudi kidogo kila ukiachia kwa hiyo utafikiri hujafanya kitu, lakini ukikasirika ukakandamiza kwa nguvu unapinda jino na kulinyoosha ni kazi nyingine kabisa.

Kama meno yako sawa ila wino unatoka kwa kubembelezwa, shika nibu dhidi ya taa uangalie mpasuko. Unatakiwa uwe mpana kidogo pale kwenye tundu la katikati ya nibu halafu uendelee kujibana mpaka ncha zinakaribia kugusana, wino unapenda sehemu nyembamba ndo maana unakimbilia mbele. Mwanga usipopita kabisa mpasuko umebana sana, pitisha karatasi ya brasi nyembamba sana, ile ya kama milimita 0.05, kutoka kwenye tundu kuja mbele, mara mbili tatu bila kuisokota. Ukipindukia ukaona mpasuko uko wazi mpaka mwisho wino hautafika karatasini, au utamwagika, inategemea. Na usisahau ulimi, ukikuta hewa kati yake na nibu wino unakatikakatika. Ulimi wa ebonaiti unaweza kuulainisha kwa maji ya moto ukaubana kwa vidole ukiwa umeshikana na nibu mpaka upoe, wa plastiki usijaribu.

Kulainisha kwa msasa ni mwisho wa yote hayo, na sio msasa wa seremala jamani, ni filamu, karatasi laini ya plastiki ya kusagia, yenye chembe za mikroni 1 au 0.3. Weka wino kwenye kalamu, ishike kwa pembe unayoandikia kila siku, chora namba nane chache bila kukandamiza, tano sita, simama, osha, andika kwenye karatasi. Kalamu yangu niliyoiua niliikalia karibu nusu saa nasikiliza redio, kila nikijaribu naona bado kidogo, bado kidogo, mpaka ikawa inateleza kama siagi na sikuamini nilivyofurahi. Kesho yake herufi ya kwanza ya kila neno haitoki. Nikaweka kioo, kile kitone kilikuwa kama chembe ya chumvi iliyokatwa katikati, na kingo za ndani za mpasuko zimeviringika kiasi kwamba wino unakaa juu ya karatasi haugusi, ile hali watu wanaifananisha na makalio ya mtoto mchanga. Ukiwahi dawa yake ipo, ni kusaga tena kidogo chini pale mpaka mpasuko uguse karatasi, ila mimi sikubakiwa na cha kusaga. Kwa hiyo jifunzie kwenye nibu ya chuma ya bei rahisi, haribu tatu nne ndo uje kwenye dhahabu.

Haya, kuzipanga. Kabati lenye kioo linapendeza, na jua linapenda kabati hilohilo. Lisitazamane na dirisha, taa ziwe za LED, na kila kalamu ilale kwenye mfereji wake klipu zisikwaruzane. Usifunge kabati kama chupa ya dawa, hasa kama una seluloidi ya zamani, hiyo plastiki inapumua na pumzi yake ni asidi, ikikosa pa kutokea inawaumiza na majirani. Harufu ya kafuri kidogo ni kawaida. Ukisikia harufu inayochoma pua, ukaona nyufa ndogondogo kama utando wa buibui ndani ya mwili au klipu ya jirani imeota ukijani, mtoe huyo mgonjwa leo leo akae peke yake mahali penye hewa. Mipira ile ya kufungia noti usizungushie kalamu, ina salfa, kalamu ya madini ya fedha inakuwa nyeusi, na ebonaiti pia ina salfa kwa hiyo kalamu ya fedha usiilaze nayo droo moja. Kwenye Parker 75 ya fedha, ile iliyotolewa kuadhimisha miaka 75 ya kampuni, weusi uliojaa kwenye mistari ya miraba uache, futa juu tu, ukiusafisha wote inaonekana kama kijiko kipya.

Zenye lakeri ya urushi (vanishi ya Kijapani ya utomvu wa mti), kama Namiki za maki-e (michoro ya unga wa dhahabu juu ya lakeri), zinaogopa jua kuliko zote, mi zangu ziko droo ya chini na natoa moja moja. Na kifuniko usikichomeke nyuma ya mwili wa lakeri ukiandika, kinaacha pete.

Kalamu inaingia kabatini tupu. Ikitoka kuoshwa isimamishe nibu chini kwenye kikombe chenye tishu siku mbili, maji yaliyobaki kwenye ulimi yanatoka yenyewe. Mi naziandikisha kwenye daftari moja, tarehe, wino gani, nibu gani, na sentensi moja imeandikwa na kalamu hiyohiyo, kila baada ya wiki mbili natoa tatu nakaa nazo mezani natumia, nyingine zinarudi. Za pistoni hata kama hutumii zizungushe mara mbili kwa mwaka, ikianza kukaza weka tone la girisi ya silikoni tupu, usiweke vaselini, inakula mipira ya ndani ya kalamu.