Namna ya kuwasimulia vijana maisha ya padri Rupert Inglis

Huku Masasi raga hatuichezi, kwa hiyo usianzie uwanjani. Mimi nafundisha vijana wa kipaimara, nawajua: ukigusa sheria za raga, kipindi kizima kitaishia kwenye kubishana kwa nini pasi inarudishwa nyuma. Waambie tu kwamba Inglis aliichezea timu ya taifa ya Uingereza mechi 3 mwaka 1886, upande wa mbele, kwa wale wa kusukumana. Inatosha.

Anzia kwenye machela. Tafuta mianzi 2 mirefu kupita mtu, toboa pembe za chini za magunia 2 ya korosho, pitisha mianzi humo. Mlaze kijana mzito kuliko wote, wenzake 4 wambebe wazunguke uwanja mzima. Iwe saa kumi jioni, si jua la saa saba. (Magunia yaombe mapema, minada ikishaanza hupati hata moja.) Wakishahema vya kutosha, wakalishe, usimulie.

Inglis alizaliwa 1863. Alikuwa padri wa Kianglikana, mwenye parokia yake Frittenden, kijiji cha Kent huko Uingereza, na mke na watoto 3. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza umri wa kwenda vitani ulikuwa umeshampita, lakini mwaka 1915, akiwa na miaka 52, akajitolea kuwa padri wa jeshi, akaenda Ufaransa. Tarehe 18 Septemba 1916, karibu na Ginchy, alitoka na wabeba machela kuwafuata majeruhi. Kipande cha kombora kikampata. Wakati anafungwa kidonda, kombora jingine likamuua. Kaburi lake halijulikani. Jina limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Thiepval, huko huko Ufaransa.

Lazima mmoja atauliza aliua wangapi. Mjibu bila kumcheka: padri wa jeshi habebi silaha. Husali na askari, huwazika, huwaandikia barua jamaa zao.

Kisha walete nyumbani. Oktoba 1917 vita vikali vilipiganwa Mahiwa, barabara hii hii ya Lindi, ukishapita Ndanda, jirani na Nyangao. Wapagazi Waafrika walibeba risasi, chakula na majeruhi. Maelfu walikufa kwa maradhi na njaa, na wengi wao hawana jiwe lenye jina. Wape vijana kazi: wakawaulize wazee wa ukoo kama kuna babu aliyechukuliwa upagazi, na aliitwa nani. Wiki inayofuata kila mmoja asome alichopata. Atakayekuja mikono mitupu ndiye atakayerudisha magunia kwa mwenyewe.