Kabla ya Kuhamia Barabarani: Kuandaa Gari-Nyumba kwa Safari za Uganda

Gari limeundwa litikisike, nyumba imejengwa itulie. Ukiviunganisha viwili hivyo, ukalala humo, ukapika humo, na asubuhi ukawasha injini kuelekea Masindi, kila ulichokifunga kwa haraka kitaanza kulegea. Mimi na mke wangu tuliishi miezi kadhaa ndani ya Coaster tuliyoing'oa viti na kuitia kitanda, jiko na tangi la maji. Karibu kila tatizo lililotukuta njiani lilikuwa limeshapanda garini siku tuliyoondoka Jinja. Barabara ililitikisa tu, likajitokeza. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya yule ambaye bado yuko nyumbani na hajauza samani zake.

Anza na gari lenyewe. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza nchini gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe, na magari-nyumba ya bei nafuu yanayouzwa Ulaya mara nyingi yamepita umri huo. Mgeni anaweza kupita nalo kama mtalii na kuondoka nalo, lakini kulisajili hapa ni habari nyingine. Wengi wetu tunanunua HiAce, Coaster au lori dogo ambalo tayari lina namba za Uganda, kisha tunalibadilisha. Mimi naona hiyo ndiyo njia bora hata kwa mwenye fedha. Chagua gari ambalo fundi wa Kitgum, kule kaskazini, ameshalifungua mara nyingi. Vipuri vya gari la namna hiyo utavikuta soko la Kisekka mjini Kampala, na ukikwama mbali, dereva wa taksi atakuwekea kipuri kwenye basi la usiku kikufikie asubuhi.

Kama bado unawaza gari kutoka Ulaya bara, angalia mlango wa chumba uko upande gani. Kule wanaendesha kulia, mlango wao unafungukia kulia. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukisimama kando ya barabara mlango huo unafungukia katikati ya malori. Mtoto akiruka nje bila kutazama, hakuna wa kumlaumu isipokuwa aliyenunua.

Makaratasi nayapitia upesi. Ukiwa umeng'oa viti na kubadili matumizi ya gari, peleka mabadiliko hayo yaandikwe kwenye kadi ya gari, na umwambie mwenye bima ukweli wote, kwamba ndani kuna gesi na kitanda. Kizimamoto, pembetatu za kuakisi mwanga na sanduku la huduma ya kwanza viwe karibu na dereva, maana askari wa barabarani huviulizia. Ukivuka mpaka wa Malaba, Busia, Mutukula au Katuna utahitaji bima ya nchi unayoingia. Kadi ya njano ya COMESA, bima moja inayotambuliwa na nchi kadhaa, hurahisisha jambo hilo. Forodha huruhusu gari la nje kwa siku zilizohesabiwa, basi tarehe ya mwisho iandike kwenye karatasi na uibandike mbele ya usukani. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kikae pamoja na pasipoti.

Sasa uzito, jambo ambalo watu hulipuuza kwa sababu halionekani. Lita 100 za maji ni kilo 100. Betri moja ya risasi ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) ina kama kilo 30. Ongeza mbao za makabati, godoro, mtungi wa gesi, zana, gurudumu la akiba, chakula, na nyinyi wenyewe. Pakia kila kitu, jaza tangi la maji na la dizeli, kisha lipeleke gari kwenye mzani wa malori na ulinganishe na uzito wa juu ulioandikwa na kiwanda kwenye kibati cha mlangoni. Pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Sisi tulikuta upande wa nyuma umeelemewa, kwa kuwa tangi la maji lilikuwa nyuma kabisa chini ya kitanda. Tulilihamisha katikati, chini sakafuni, na gari likaacha kuyumba tulipopishana na mabasi.

Matairi yanakwenda pamoja na uzito. Usitazame kashata peke yake. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita au saba, hata likionekana jipya, mimi silipeleki safari ndefu na nyumba juu yake. Beba pampu yako ya upepo na kipimo chake. Kwenye barabara ya moramu, yaani ya udongo wa changarawe usio na lami, iliyojaa mawimbi madogo madogo, kupunguza upepo kidogo na kwenda taratibu huokoa matairi, sahani na mgongo, lakini ukirudi kwenye lami lazima uujaze tena kabla hujakimbia. Na jeki iwe na ubao mpana wa kuwekwa chini yake. Bila ubao, kwenye tope jeki inazama na gari linabaki pale pale.

Hayo mawimbi ya moramu ndiyo mtihani wa kweli wa nyumba yako. Kabati lililofungwa kwa skrubu za mbao kwenye plaiwudi halitafika Kotido, kule Karamoja, likiwa zima. Mwambie fundi atumie bolti zinazopenya hadi kwenye fremu ya chuma, na nati zenye pete ya plastiki ndani, zile zisizojifungua. Kisha chukua brashi ndogo uchore mstari wa rangi unaoanzia kwenye nati na kuendelea kwenye chuma ilipofungwa. Nati ikizunguka, mstari unakatika, nawe unaona kwa jicho bila kushika spana. Hili nilifundishwa na kijana mchomeleaji wa Katwe, na limenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari tulizunguka tukitazama mistari hiyo, mabomba ya chini, matone ya mafuta, na kamba za juu ya paa.

Kuhusu mabomba ya chini nina uchungu kidogo. Fundi wetu wa kwanza alipitisha bomba la maji machafu chini ya bampa ya nyuma. Nililiona, nikanyamaza, nikaona haya kumrudisha mtu aliyekuwa ameshakusanya vifaa vyake. Kwenye tuta la kwanza refu, mbele ya kituo kidogo cha biashara, bomba likang'oka na maji ya vyombo yakamwagika mbele ya wauza nyanya. Matuta yetu ni marefu, na gari lenye mkia mrefu hugusa hata likienda polepole. Lala chini ya gari mwenyewe, na chochote kinachoning'inia chini kuliko ekseli kirudishwe juu kabla hujamlipa fundi.

Umeme ni habari njema zaidi. Ikweta inaikata nchi hii, na ukienda Masaka utaivuka pale Kayabwe. Jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo paneli iliyolazwa juu ya paa inafanya kazi vizuri bila kugeuzwa huku wala kule; iinue vidole viwili tu upande mmoja ili mvua ioshe vumbi. Paneli ya wati 200 ikipata saa 5 za jua kali ingetoa wati-saa 1,000. Joto, vumbi na waya vinakula sehemu yake, basi mimi nahesabu 700. Friji dogo la kompresa la volti 12 linaweza kula 500 kwa siku ya joto, zinabaki 200 za taa, simu na pampu ya maji. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo unachoweza kutumia ni 600. Siku mbili za mawingu zinatosha kukuachia friji lenye maziwa yaliyochacha. Betri za lithiamu huvumilia kushushwa zaidi na ni nyepesi, ila bei yake ni ya juu. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, siyo upande wa pili wa gari. Na birika la umeme liache nyumbani: la wati 1,500 huvuta zaidi ya ampea 125 kutoka kwenye betri ya volti 12. Maji ya chai yachemshwe kwa gesi.

Gesi ina hatari yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni na kukaa hapo. Kwa hiyo mtungi uwe kwenye kabati lake lililotengwa na chumba, lenye tundu la hewa chini linalotokea nje, na kengele ya kugundua gesi ifungwe karibu na sakafu. Vichwa vya mitungi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, basi regyuleta moja ya akiba si anasa. Funga valvu ya mtungi kila unapoondoka.

Lakini kilichotaka kutuua si gesi. Tulifika Kabale jioni ya mvua, mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, tukiwa na nguo za Jinja. Baridi ile sikuitegemea. Tulikuwa tumeegesha kwenye ua wa nyumba ya kulala wageni, na mke wangu alikuwa amemaliza kupika maharage nje kwenye sigiri. Maharage yenyewe yalichukua muda mrefu kwa sababu kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Makaa yalikuwa bado mekundu. Nikaona tuyaingize ndani, tupate joto, tufunge madirisha. Mlinzi wa pale, mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, akanikuta mlangoni.

"Kijana wangu, hiyo sigiri unaipeleka wapi?"

"Ndani, mzee. Baridi imetuzidi."

"Irudishe chini. Makaa hayo hayana moshi, ndiyo maana yanaua. Utalala, na hutasikia chochote."

Alisema kweli. Makaa yanayofifia hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na chumba cha gari ni kidogo mno. Usiingize sigiri garini, hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi. Nunua blanketi zito, chupa ya maji ya moto ya kukumbatia, na kengele ya kaboni monoksaidi. Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa uisome mara mbili.

Maji tuliyabeba ya aina mbili. Ya kuosha yalikuwa kwenye tangi, ya kunywa, yaliyochemshwa au kutiwa vidonge vya klorini, kwenye dumu la lita 20 lililofungwa vizuri. Watu wawili wenye nidhamu hutumia lita 15 hadi 20 kwa siku. Usijaze tangi kwa maji ya ziwani. Kichocho kipo katika Ziwa Victoria, Ziwa Albert na Mto Nile, na kinaingia kupitia ngozi unapoosha miguu tu.

Majira nayo yapangiwe. Sehemu kubwa ya kusini ina mvua mara mbili, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Karamoja ina msimu mmoja mrefu katikati ya mwaka, na udongo wake mweusi ukilowa hushika gurudumu kama gundi. Kama unakwenda mbuga ya Kidepo na nyumba nzima mgongoni, nenda Januari. Kutoka Kabale kwenda Kisoro kuna lami, ila kona ni kali na miteremko ni mirefu: shuka kwa gia ndogo, usikanyage breki mfululizo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yakiwa ya zamani hushindwa hapo hapo unapoyahitaji, kwa hiyo yabadilishwe kabla ya safari.

Mahali pa kulala, usisimame kando ya barabara. Ukifika kijijini jua halijatua, muulizie mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, msalimie, mweleze wewe ni nani na utaondoka lini. Baada ya hapo kijiji kizima kinajua kuna wageni, na huo ni ulinzi kuliko kufuli. Pale ambapo Kiganda hakifiki, hasa West Nile, Karamoja na mipakani, Kiswahili kitakubeba. Ndani ya mbuga lala kwenye kambi za mamlaka ya wanyamapori, chakula kifungiwe, madirisha yafungwe dhidi ya nyani. Mbuga ya Murchison ina mbung'o wengi, nao huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Mapazia yetu yalikuwa ya buluu. Tuliyabadilisha Masindi.

Mwisho, lala ndani ya gari uani kwako usiku mbili kabla ya kuondoka, nyumba ikiwa imefungwa na ufunguo uko kwa jirani. Pika humo, oga humo, na mvua isiponyesha panda juu na bomba la maji umwagilie paa nusu saa. Sisi usiku wa pili tulisikia tone likianguka juu ya mto, karibu na sikio la mke wangu. Tuliwasha tochi tukaona maji yakifuata waya wa paneli kutoka darini. Asubuhi nikaazima ngazi, nikabandua silikoni yote kuzunguka tundu la ule waya, na safari tukaisogeza mbele siku tano.